Timofei Kwenye Kamba ya Puto

Timofei Gorelov alimimina maji ya kostiki, yaani magadi makali, kwenye pipa lenye vumbi la alumini, akabana kifuniko, akangoja gesi ya haidrojeni ianze kuingia kwenye puto. Lilikuwa puto la mwisho la kipupwe kile. Kituo cha Wasovieti kilikaa ukingoni mwa barafu ya Antaktika, na kazi yake ilikuwa kurusha maputo yenye kipimo cha umeme wa anga. Puto lilijaa vizuri, kisha likampasukia mikononi. Timofei akatukana, akapaa.

Alisimama hewani usawa wa paa. Fyodor, mpishi, aliyekuwa ametoka kumwaga maji machafu, alimdaka buti.

"Shuka bwana, supu inapoa."

"Siwezi."

"Haya, ngoja nilete kamba."

Walimfunga kiunoni kamba ileile ya puto, wakamning'inizia kipimo na simu ya waya, wakamwachia aende juu. Ukweli usemwe, aliyashinda maputo. Hakutoroka na upepo, na namba alizisoma kwa sauti safi. Wakubwa wao kule Leningradi walifurahi kupita kiasi. Zamu ikiisha walimvuta chini, akala huku Fyodor amemkalia mapajani, akalala pua ikigusa dari.

Alichokingoja ni meli tu. Binti yake, Varya, alizaliwa baba akiwa huku, na sasa alikuwa ameshaota meno. Timofei aliyajua meno hayo kwa telegramu, na hilo lilimuuma kuliko kamba.

Meli ikaja, ikaleta watu wa zamu mpya na kuwachukua wa zamani. Timofei alifunga sanduku lake akiwa darini, akamwita mkuu wa kituo.

"Arkadi Lvovich, nami naenda kwetu."

"Ndugu Timofei, ukienda, umeme utapimwa na nani?"

"Si kuna maputo?"

"Hayakuletwa. Leningradi wanasema tunaye wewe."

Fyodor alishindwa kuvumilia. "Mkuu, acha hizo! Nitambeba mwenyewe, nimfunge kwenye kitanda changu. Mtu ana mtoto!"

"Nani hana mtoto?" akasema mkuu. Alikuwa na watatu. Akawakumbuka, akaenda kuchukua begi lake.

Kwenye makabidhiano mkuu mpya alionyeshwa jenereta, jiko, mbwa wawili na Timofei. Alivuta fundo la kamba mara moja, akaridhika.

Kuikata kamba Timofei alishawahi kuwaza, na kisu alikuwa nacho. Lakini asingefika Leningradi. Angepanda tu mpaka kule maputo hupasukia.

Meli ilipong'oa nanga alikuwa juu kazini. Fyodor alisimama sitahani akipunga kofia mpaka kituo kikampotea machoni. Timofei aliendelea kuiona meli muda mrefu baada ya hapo. Alilia waziwazi, na machozi yakampanda kwenye paji la uso, yakaingia nyweleni.

Simu ikalia.

"Ndugu Timofei, unasoma ngapi?"

Akasoma.

"Safi sana," akasema mkuu mpya, kisha akasikika akiwageukia wenzake. "Jamani, mwongezeeni kamba."