Saa ya Mtumba ya Fundi

Pale stoo ya vifaa vya ujenzi walimwita Bosi, ingawa bosi mwenyewe alikaa ghorofani kwenye kiyoyozi. Jina alilipata kwa sababu hakuna mzigo uliopita mlangoni pake bila kufunguliwa. Dereva alalamikie foleni, alalamikie jua, yeye jibu lake lilikuwa moja tu: "Fungua." Na boksi lilifunguliwa. Mumewe alilisikia jina hilo siku moja alipompitia kazini, akacheka, akaenda nalo nyumbani. Tangu hapo hakumwita jina jingine.

Mumewe walimwita Fundi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha koki na vitasa vya milango, na kazi yake ilikuwa kung'arisha. Kitasa kilimfikia cheusi, kimejaa makovu. Alikishikilia kwenye gurudumu linalozunguka kasi, kikatoka hapo mtu anajiona meno. Mle ndani hakuna aliyeruhusiwa kuvaa saa, maana gurudumu likinasa kamba linaondoka na mkono. Kwa hiyo Fundi alizeeka na mkono mtupu, na yeye alipenda saa kama wanaume wengine wanavyopenda mpira.

Sasa alikuwa nyumbani kwa sababu ya mapafu. Vumbi la chuma lilikuwa limeweka makazi humo. Daktari aliwaambia wote wawili, bila kuzunguka, kwamba dawa ya kuponya hakuna, kuna ya kupunguza makali tu, na kwamba wasipange mambo ya mwakani. Fundi alishinda kitandani, mtungi wa oksijeni kando, anatazama picha za saa za zamani kwenye simu. Zile za kutia ufunguo, za kiwanda kikubwa cha ng'ambo, ambazo matajiri walizivaa kabla yeye hajazaliwa.

"Hii ukiisikiliza," alisema, "inatembea kama mtu mwenye adabu."

"Umeisikia wapi wewe?"

"Nawaza tu, Bosi. Kuwaza hakulipiwi."

 Lakini kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Bosi alikaa kwenye kiti chake cha stoo akaanza kutafuta kwenye simu.

Aliitafuta saa kama alivyokagua saruji. Bei iliyokuwa chini mno aliipita bila kugeuka. Muuzaji mmoja alimtumia picha ambazo Bosi alikuwa ameshaziona kwenye duka jingine. Akamwandikia, "Picha za kuazima kawauzie wanaoazima akili," akamfungia. Mwisho alimpata mzee mmoja aliyejiita Mzee wa Saa, mwenye sifa nzuri kwa wateja. Alikuwa na saa moja ambayo Bosi angeiweza kwa kujibana. Kasha lilikuwa na mikwaruzo, uso umegeuka rangi ya chai, lakini kila kitu kilikuwa chake cha asili. Chini ya tangazo aliandika: haijawahi kung'arishwa tangu itoke kiwandani.

Bosi aliomba picha ya mgongo. Kisha ya ndani, mashine ionekane. Kisha ya ndani tena, kwenye mwanga.

"Mama," aliandika mzee, "unanunua saa au unanunua nyumba?"

"Nyumba ningeenda kuiona."

Mzee alicheka kwa maandishi, akatuma picha. Akamweleza pia jambo ambalo Bosi hakulijua: saa kama hizi wanunuzi wanazitaka na makovu yake. Kingo zikiwa kali, na maandishi madogo ya mgongoni yakisomeka, thamani haishuki. Ukiisugua, umeiua. Bosi alielewa. Alipunguziwa bei kidogo, akapunguziwa tena, na mzee akamwambia kwamba anamhurumia mumewe.

Mumewe mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Hiyo ni pesa ya kunizikia."

"Utazikwa tu. Hujaona maiti imeachwa barabarani eti familia haikuwa na pesa."

"Mpe mtoto alipie chuo."

Binti yao alikuwa mwaka wa pili. Bosi alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa. "Sikiliza, baba. Saa hizi haziozi. Utaivaa, na ukishamaliza kuivaa nitaiuza. Pesa inarudi ilivyo, labda na ziada. Mtoto atapata ada yake."

Fundi alitazama dari. Alielewa vizuri maana ya kumaliza kuivaa.

"Ziada?"

"Labda."

"Basi nunua," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Tangu augue hakuwa na kitu cha kumwachia mtu, na sasa alikipata.

Mzigo ulipofika Bosi aliufungua mbele ya mleta mizigo, akalinganisha na picha moja moja, ndipo akasaini. Fundi aliivaa. Kila asubuhi aliitia ufunguo taratibu, ameitega sikioni, na Bosi alikwenda kazini amechelewa kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Zilikuwa siku nzuri. Majirani waliokuja kumjulia hali waliulizwa wao kama wanajua ni saa ngapi.

Kuna jambo moja Bosi hakumwambia. Yale ya kingo na makovu. Alimweleza kila kitu kingine, hata jina la mji ilikotoka, lakini hilo hakuliona kama jambo la kumwambia mtu asiyeweza kushika kikombe kwa mkono mmoja.

Jioni moja alirudi akakuta harufu ya kiwandani ndani ya chumba, ile dawa nzito ya kung'arishia. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda dirishani, mpira wa oksijeni umening'inia shingoni, jasho linamtiririka. Kitambaa kilikuwa cheusi tii.

"Njoo uone mali, Bosi."

Alimpa. Saa iling'aa kama koki mpya. Mikwaruzo haikuwepo hata mmoja. Kingo zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika, na mgongoni, palipokuwa na maandishi, palikuwa na chuma kitupu kinachomwonyesha Bosi uso wake.

"Nimeanza tangu juma lililopita," alisema Fundi, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Ukitoka tu, naanza. Nikichoka naificha chini ya mto. Mkono, Bosi, bila gurudumu. Lile kovu la pembeni lilinitoa roho. Sasa usikubali bei ileile. Mkazie yule mzee."

Bosi aliigeuza saa, akaigeuza tena. 

"Imetakata," alisema.

"Mpigie picha. Muulize sasa atainunua kwa ngapi."

"Kesho."

Kesho aliulizwa tena, na kesho kutwa. Mwishowe alituma picha. Jibu lilimkuta jikoni anakatakata vitunguu. *Mama, nani amefanya hivi? Pole sana. Mimi siwezi kuichukua tena, na sidhani kama kuna mwenzangu atakayeichukua. Sasa ni ya kuvaa tu.* Alilisoma, akamaliza vitunguu, akanawa mikono, akaingia chumbani.

"Amesemaje?"

"Amesema hajawahi kuona saa iliyong'aa namna hii."

"Na bei?"

"Mara mbili," alisema Bosi.

Fundi alifumba macho. Usiku ule alilala bila kuamka kukohoa, na Bosi akawa ndiye aliyekesha.

Mwisho wa wiki binti yao alikuja. Alipika, akafua, akamnyoa baba yake ndevu, na Fundi akanyoosha mkono wenye saa juu ya shuka kama mtu anayepigwa picha.

"Ada yako hiyo, mwanangu. Bosi, msomee ile meseji ya mzee."

"Ameshaelewa."

"Msomee tu. Nataka nisikie mimi."

Bosi alitoa simu. Maneno yalikuwa pale mbele ya macho yake, na yakamchanganya. "Anasema haijapata kutokea kung'aa hivi. Anasema atatoa bei ya mwanzo na nusu yake."

 Mtungi ulitoa ule mlio wake wa kuchemka.

"Juzi ilikuwa mara mbili," alisema Fundi.

"Nilimaanisha..."

"Mama, lete nisome mimi," alisema binti, akanyoosha mkono. Bosi aliishika simu kwa mikono miwili.

"Bosi." Fundi hakupaza sauti, hakuwa na ya kupaza. "Mbele yangu hujawahi kupokea mzigo bila kuufungua. Fungua."

Akamsomea. Neno kwa neno, mpaka ile pole sana, mpaka ya kuvaa tu. Binti alitoka na beseni la maji ya kunyolea, na kule jikoni maji yalimwagwa muda mrefu kuliko wingi wake.

Fundi aliivua saa. Vidole vilimchukua muda kwenye bizimu ya kamba, na hakuna aliyemsaidia. Akaiweka juu ya meza, kifudifudi.

"Nilitaka nikuachieni kitu."

"Najua."

"Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani."

"Najua, baba. Kosa ni langu, sikukwambia."

Fundi akageukia ukutani.

Hakuivaa kesho yake, wala siku zilizofuata. Majirani waliuliza iko wapi, akasema imekwenda kwa fundi. Saa ilikaa mezani, nyuma ya chupa za dawa, imesimama, na Bosi kila akipita na dawa aliiona, mpaka asubuhi moja aliweka sinia chini kwa kishindo.

"Nipe mkono."

"Ya nini? Haina thamani."

"Wewe ulitaka kuniachia kitu. Mimi nilitaka uvae kitu. Aliyetoa pesa ni mimi. Lete mkono."

Alimpa, kwa uchovu zaidi kuliko kwa kukubali. Bosi aliitia saa ufunguo, akasikiliza, ikaanza kutembea. Akamfunga. Hata kwenye tundu la mwisho kamba ilipwaya, saa ikateleza kutoka kwenye kifundo, ikapita mifupa miwili ya mkono, ikasimama kwenye kiwiko. Wote wawili waliitazama pale.

Bosi alikwenda jikoni, akapasha msumari kwenye jiko, akarudi nao ameushika kwa koleo.

"Usinichome," alisema Fundi.

"Nyamaza. Natoboa kamba."

Moshi mdogo wa ngozi ulipanda. Alifunga tena, na safari hii saa ilikaa. Fundi aliinua mkono taratibu mpaka sikioni, akaushikilia kwa mkono wa pili usianguke, na machozi yakamtoka bila sauti yakaingia kwenye nywele. Bosi alikaa kitandani na koleo lake. Kazini alikuwa ameshachelewa, na hakuinuka.

Wiki iliyofuata alitoboa tundu jingine. Kisha jingine. Aliyatoboa karibu karibu sana, kwa kuogopa kamba isije ikamwishia.