Jeneza Lililogoma Langoni

Jeneza la baba lilipofika mbele ya lango la machimbo ya mawe, Mzee Gil aliharakisha wimbo. Kwetu mkoani Jeolla mwimbishaji hutangulia na kengele mkononi, wabebaji wakiitikia nyuma yake, na marehemu mwenye kinyongo husimama njiani mpaka abembelezwe. Gil alijua baba ana neno na lango lile. Lakini mtoto wa Gil mwenyewe alipata riziki humo.

Watu huniuliza harakati za kutetea wafanyakazi nilizianzia chuo gani. Chuo! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nguo ya katani ya msiba ikiniwasha shingo. Jiwe lilimponda baba kwa sababu kamba ilikuwa imeoza, na Bwana Pyo, mwenye machimbo, akatangaza kwamba baba alikuwa amelewa. Baba yangu, ambaye funda moja la pombe ya mchele lilimtoa vipele mwili mzima, kijiji kikamcheka kila mavuno!

Nikampokonya Gil kengele.

"We Okbun!" mama akaninong'oneza kwa ukali. "Mwanamke hashiki hiyo. Unataka kutuaibisha?"

"Aibu tumeshapewa, mama."

Nikaimba: "Siendi, siendi, nimeitwa mlevi."

Wabebaji wakatazamana. Nikajua nimekwisha. Kisha mtu akaitikia, naye alikuwa mtoto wa Gil, bega lake chini ya mti wa kubebea jeneza. Wenzake wakafuata: hatua mbele, hatua nyuma, palepale langoni.

Pyo akatoka na bahasha ya pesa, akataka kuichomeka kwenye kamba za jeneza kama ilivyo desturi.

"Marehemu hataki nauli," nikamwambia. "Anataka jina lake."

"We binti, nitaita polisi."

"Waite. Waje wamkamate maiti."

Wabebaji wakaangua kicheko, hata Gil. Jua likapanda. Mabega yalitetemeka, lakini hakuna aliyetaka kutua.

Mwishowe Pyo akamumunya maneno kwamba baba hakuwa amelewa, kwamba kamba ilikuwa mbovu. Akainamisha kichwa kidogo, kama anayemsalimu jirani sokoni.

Nikainua kengele. Mama akanishika mkono.

"Bado," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mume wangu kalala, Bwana Pyo. Shuka mpaka akuone."

Pyo alilitazama tope miguuni pake, akatutazama sisi. Kisha akapiga magoti.

Nikapiga kengele, na baba akakubali kwenda.