Macho ya Sungura wa Bwana Nzige

Mtu akiniambia mdogo wangu Kefa alipofushwa na Mungu, namwambia anyamaze. Mungu ana kazi zake. Macho ya Kefa yaliharibiwa na dawa ya nzige, na dawa hiyo ilijaribiwa nyumbani kwake mwenyewe, hapa hapa Ivuna, nyuma ya jiko.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mwaka ule tunutu, nzige wachanga ambao hawajaota mbawa, walijaa mbuga ya Rukwa mpaka ukaona kama ardhi inatembea. Serikali ikamleta Mzungu mmoja, tukamwita Bwana Nzige, pamoja na magunia ya unga wa kuwaulia. Kefa akaandikwa kazi ya kupiga dawa. Miwani ya kukinga macho ilikuwa haijafika, na Bwana Nzige alikuwa na haraka, maana wadudu wale wakishaota mbawa hawashikiki tena. Akasema atajaribu unga kwanza kwenye macho ya sungura. Yakiharibika, watu watasubiri miwani. Yakibaki salama, wataingia mbugani vivyo hivyo.

Sungura wakawekwa kwa Kefa kwa sababu kambini kulikuwa na mbwa. Kila mmoja alitiwa unga jicho la kushoto. Kefa akaagizwa asiwaoshe wala asiwafute, awape majani tu, Bwana mwenyewe atapita asubuhi kuwaangalia.

Sasa wifi yangu Leah. Huyo alikuwa na moyo laini hadi anakera. Akichinjwa kuku, yeye anajitia kwenda kisimani. Siku hizo alikuwa akimnyonyesha Efraimu, mtoto wao wa kwanza. Kefa alimwambia neno moja tu: "Hawa ni wa Bwana, usiwaguse." Hakusema wamewekwa pale kwa nini, wala habari ya unga hakuigusia. Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo, akipata kazi ya serikali basi hata mkewe anafanywa mtu wa nje.

Leah akaona wanyama wanatokwa machozi, jicho jekundu limevimba, wanajisugua kwenye mbao za kasha. Akadhani ni ugonjwa. Na kwetu jicho likiuma, mama anayenyonyesha hulikamulia maziwa yake. Awe mtoto wa jirani, awe mgeni, hanyimwi mtu. Basi Kefa akishaenda kambini, Leah anamtoa sungura mmoja mmoja, anampakata, anamkamulia jichoni mpaka uchafu wote utiririke. Tenda wema nenda zako, wanasema, naye alitenda akaenda zake. Hakumwambia mtu, maana kumpa mnyama maziwa ya mtoto ni aibu, wanawake wangemcheka mpaka Tunduma.

Wiki haikuisha, macho yakawa safi. Bwana Nzige akayachungulia, akafurahi, akampiga Kefa begani. Akasema dawa inawasha kidogo, kisha jicho linapona lenyewe. Kefa hakuwa na sababu ya kubisha, alikuwa ameyaona. Kesho yake wakaingia mbugani bila miwani.

Upepo wa Rukwa haupigi hodi. Uligeuka Kefa akiwa amefungua gunia, unga ukawavaa nyuso. Isaka na Fanueli, waliokuwa naye, wakatupa ndoo wakakimbilia dimbwini kunawa. Wakamwita naye anawe.

"Acheni woga," akawajibu. "Sungura nimewafuga mimi. Inawasha kidogo, kisha jicho linapona lenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaendelea na kazi mpaka jua likazama, jasho na unga vikimshukia machoni. Isaka na Fanueli walivimba siku kadhaa, wakapona. Kefa tulimpeleka hospitali ya misheni, wakamrudisha na kitambaa usoni. Daktari alisema macho yameungua na hayana la kufanyiwa. Nililia njia nzima, naye ndiye aliyekuwa akinibembeleza.

Nyumbani alikaa kitandani akirudia jambo lile lile. Hakulalamika juu ya shamba wala juu ya kushikwa mkono kwenda chooni.

"Kinachonishinda ni wale sungura," alisema. "Hawakuoshwa. Hawakufutwa. Mbona wao walipona?"

Leah alikuwa amekaa chini, mtoto kifuani. Nilimwona akimtoa mtoto kwenye titi kabla hajashiba.

"Baba Efraimu," akasema, "mimi niliwaosha."

Akaeleza yote, kasha, machozi ya wanyama, maziwa, aibu aliyoiogopa. Alieleza taratibu, bila kujitetea. Mimi nilitaka kumzaba mtu kofi, na sikujua nianze na nani, maana mmoja alificha huruma yake na mwingine alificha kazi yake. Bwana Nzige alikwisha kuhamishwa. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Ungeniambia wamewekwa kujaribu dawa yenu," Leah akasema, "nisingewagusa hata kidogo. Ningewaacha wafe."

Efraimu akaanza kulia, na hakuna aliyemtuliza.

"Nilijua utawahurumia," Kefa akasema. "Ndiyo maana sikukuambia."