Kijana wa Miaka Arobaini na Tisa

Chama chetu cha wanasayansi wa wadudu na nge hapa Tunisia kina Katibu wa Vijana. Mwaka ninaousimulia, kijana huyo alikuwa na miaka arobaini na tisa, upara unaong'aa na binti wa kumwoza. Jina lake Lassaad, nasi kwa heshima tulimwita Si Lassaad, yaani Bwana Lassaad. Katiba ya chama inasema kijana ni mtafiti yeyote ambaye hajapata uprofesa, na Si Lassaad aliielewa katiba hiyo kuliko alivyopata kumwelewa mdudu yeyote. Hakuandika makala, hakuomba kupandishwa cheo, na kwa hiyo hakuzeeka.

Kazi yake ilikuwa kutulea sisi watafiti chipukizi. Alitulea hivi. Kila majira ya kuchipua alituita kwenye hoteli moja ya Mahdia, akatufundisha namna ya kuzungumza kwa ufupi, na somo hilo lilianza asubuhi likaisha harufu ya kuskusi ilipoingia ukumbini. Kila mmoja wetu alipangiwa mlezi wa kitaaluma, profesa wa kumshika mkono. Mlezi niliyepangiwa mimi alikuwa amefariki tangu Ramadhani. Nilipowaarifu, waliniomba niwe na subira.

Basi mwenzangu Emna Zouaghi, tuliyekuwa tukitumia meza moja kwenye maabara pale Sfax, alikuwa na kazi ya kweli. Wanawake wanaochuma nyanya kwenye mabanda ya plastiki upande wa Sidi Bouzid walikuwa wanaumwa na nge katikati ya baridi, wakati nge anatakiwa awe amelala chini ya jiwe lake. Madaktari walidhani wanawake wanatia chumvi. Emna akaenda, akakaa nao, akapekua udongo chini ya mabomba ya maji akiwa amepiga magoti kwenye matope. Akagundua kwamba joto la mabanda linawadanganya nge. Hawalali. Wanakesha wakiwinda mende na nyenje waliojaa humo, na mkono wa mchumaji ukipita, wanauchoma.

Kazi hiyo ikakubaliwa kwenye mkutano mkubwa wa Istanbul. Emna alirukaruka mpaka akamwaga chai ya mnanaa juu ya darubini yangu. Chama kilikuwa na fungu la safari za vijana, kwa hiyo tukaenda Tunis pamoja kumwona Si Lassaad.

"Emna binti yangu!" alisema, hata hajainuka kitini. "Umetutoa kimasomaso. Dorra, umemwona mwenzio? Na wewe ujifunze."

"Asante, Si Lassaad," Emna akasema. "Sasa kuhusu nauli..."

"Nauli ipo. Nani kasema haipo? Ila kamati imekaa, ikaona safari yenyewe ni nzito. Mji mkubwa, watu wakubwa. Wakikuuliza maswali ukakwama, aibu ni ya nani? Ya chama. Nitakwenda mimi, niwawakilishe vijana wote kwa pamoja."

"Lakini kazi ni yangu."

"Na jina lako litakuwepo pale juu! Wewe nichapishie bango la kazi hiyo tu. Kubwa, lenye rangi."

Nilidhani Emna atalia, lakini yeye aliiwaza kazi kabla ya kujiwaza mwenyewe. "Basi nikueleze kidogo, wakikuuliza usihangaike."

Si Lassaad akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Mama, mimi nimeanza kuwajua nge wewe hujazaliwa."

Njiani kurudi Sfax nilimwambia, "Usimpe hilo bango. Mwache aende mikono mitupu."

"Nisipompa, wale wanawake watasemewa na nani?" akanijibu, akageukia dirishani. Akalichapisha.

Si Lassaad alirudi na boksi moja la halua za Kituruki kutoka uwanja wa ndege. Tulikuwa watafiti chipukizi zaidi ya thelathini. "Chama hakiwasahau," akasema, akituzungushia boksi lililokuwa limekwisha kufunguliwa. Alirudi pia na picha yake amesimama mbele ya bango, anatabasamu, tumbo limefunika jina la Emna lote.

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata ikaja simu kutoka Amman huko Yordani, mwanamke anaitwa Daktari Rudayna, mtaalamu wa nge. Emna akaiweka kwenye spika ili na mimi nisikie.

"Ndiye wewe wa nge wa nyanya?" akauliza Rudayna.

"Ndiye mimi."

"Samahani, mdogo wangu, nimeona nikuulize mwenyewe kabla sijacheka na wenzangu. Ni kweli umegundua nge wanaokula nyanya?"

Emna akanitazama. Mimi nikaitazama sakafu.

"Nani kasema hivyo?"

"Yule mzee aliyesimama kwenye bango lako. Nilimuuliza mbona nge wamejaa kwenye mabanda. Akasema wamezizoea nyanya, hasa zilizoiva. Akasema mmeliona kwa macho. Watu walikuwa wanaandika."

Nge, kwa wasiomjua, hajapata kula tunda tangu dunia iumbwe. Anakula nyama. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Na sasa jina la Emna lilikuwa linazunguka Bahari ya Kati yote na upuuzi huo umening'inia shingoni mwake. Alimweleza Rudayna ukweli mpaka chaji ya simu ikaisha. Halafu akaketi, akafunika uso kwa mikono miwili, na siku nzima hakugusa kazi.

Mkutano mkuu wa mwaka ulipofika, alivaa koti lake la heshima tukaenda. Mwenyekiti, Profesa Mondher, alikuwa amesinzia mezani kama kawaida yake. Si Lassaad akasoma taarifa ya vijana. Vijana wamejengewa uwezo. Vijana wamefunguliwa milango. Vijana wametambulika kimataifa, Istanbul. Maprofesa wakapiga makofi bila kuinua macho kwenye simu zao.

Emna akasimama. "Nina swali, Si Lassaad."

"Uliza, binti yangu. Ndiyo maana tupo."

"Nge anakula nini?"

Si Lassaad akatazama makaratasi yake kana kwamba jibu limo humo. "Swali zuri sana," akasema. "Lina pande nyingi."

"Lina upande mmoja."

"Tutaunda kamati ndogo ilitazame."

Huko nyuma vijana wakaangua kicheko, na kicheko kikamwamsha Profesa Mondher, ambaye alidhani kikao kimekwisha. "Tunashukuru," akasema. "Twendeni tukale." Kabla ya kula, maprofesa wakainua mikono wakamchagua tena Si Lassaad. Mtu anayewapokea uwanja wa ndege na kuwabebea mabegi hawawezi kumwacha hivi hivi. Sisi hatukula. Tukaondoka wote, tukaenda kula lablabi, supu ya dengu, kibandani karibu na kituo cha treni, na humo ndani, tukiwa tunapuliza bakuli za moto, Emna akasema, "Sasa nani atatufundisha? Tufundishane."

Tukaanza kukutana Jumamosi kwenye chumba cha darubini pale maabara. Sharti lilikuwa moja: ukiingia, siku yako ikifika unasimama unaeleza kazi yako, na wenzako wanakuchana, kisha wanakusaidia kushona. Emna alichanwa wa kwanza. Ramla, msichana anayechunguza nyigu, mdogo kuliko wote, alimwambia, "Dada Emna, umeongea mpaka nimechoka, na mpaka sasa sijui nani kaumwa." Emna alinuna wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alianza na mchumaji mmoja na mkono wake uliovimba, na hakuna aliyepepesa macho.

Kazi hiyo hiyo ndiyo aliyoisema kwa njia ya video mbele ya watu wa Rudayna. Walimhoji kweli kweli, akajibu, na pale asipojua akasema sijui. Hadithi ya nge wanaokula nyanya ikafia hapo. Baridi iliyofuata Rudayna akamwita kuchunguza mabanda ya Bonde la Yordani. Alikwenda mwenyewe, na hakuna swali walilomuuliza lililomkwamisha.

Chama kikasikia. Kwenye jarida lake ikatoka habari kwamba chama kimezindua Jukwaa la Jumamosi kwa ajili ya kukuza vipaji, na Si Lassaad yumo pichani. Halafu siku moja akaja mwenyewe, amevaa suti, na mpiga picha nyuma yake.

"Wanangu," akasema, "chama kimeamua kuwa mlezi wenu."

"Karibu, Si Lassaad," Emna akamjibu. "Keti. Hapa kila anayeingia anaeleza kazi yake. Leo kuna nafasi."

"Mimi? Aa, mimi nitasema machache tu, kwa niaba ya vijana..."

"Kwa niaba yako mwenyewe. Unachunguza nini siku hizi?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama tunavyoulizana sisi. Si Lassaad akasimama mbele yetu, kidole kwenye tai, akafungua kinywa. Nilimwona akitafuta kichwani mwake kitu, chochote, mdudu mmoja tu wa kushika. Mpiga picha akashusha kamera. Kwa sekunde moja nilitaka kumwonea huruma, lakini nikakumbuka lile boksi la halua, huruma ikaniisha.

"Simu yangu inaita," akasema. Haikuwa inaita. Akaiweka sikioni hivyo hivyo, akatoka akisema, "Ndiyo, Profesa, nakuja, Profesa," na mpiga picha akamfuata.

Emna akafunga mlango kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha makaratasi. "Ramla," akasema, "lete nyigu wako. Na safari hii usitusomee kichwa cha makala yako, anza na nyigu mwenyewe."

Ramla akasimama, akayaacha makaratasi mezani, akaanza.