Dhahabu ya Vinara vya Bi Tatu

Idi ilipokaribia mwaka 1959, Bi Mwanamize wa Chake Chake aliketi uani juu ya kibao, akasugua vyombo vyake vya shaba kwa ndimu na jivu: dele la kahawa, sinia, kijaluba cha tambuu. Alipomaliza akaingia chumbani, akatoa na vinara viwili vya mishumaa, vya Kifaransa, vilivyofungwa kwenye kanga chini ya kitanda.

Havikuwa vyake. Bi Tatu, shoga yake wa tangu chuo cha Kurani, aliviweka kwake amana alipokwenda Hija. "Nisiporudi, mpe Siti aingie navyo kwa mumewe," alimwambia. Bi Tatu akafia Jedda. Bintiye Siti akalelewa na shangazi, na Bi Mwanamize akabaki na vinara, kwanza kwa kungoja msiba upoe, kisha kwa sababu vilikuwa vizuri mno. Vilikuwa na majani ya mzabibu na miguu ya simba, na ukivitazama ulisahau kuwa mchana umekula muhogo mkavu.

Ndani vilikuwa shaba, juu vimepakwa dhahabu, na dhahabu ya namna ile haitaki ndimu wala jivu. Bi Mwanamize hakulijua hilo, akavisugua navyo kwa makumbi ya nazi. Dhahabu ikatoka yote, ikamganda mikononi, na vinara vikabaki na rangi ya vyungu.

Haikutoka kwa sabuni wala mafuta ya taa. Sokoni muuza dagaa aliitazama ile mikono, akamuuliza anataka mafungu mangapi.

Lililomtia hofu ni udhu. Akaenda kwa Shehe Abrahman, imamu wa mtaa, aliyemmiminia maji mikononi na kuyatazama yakichuruzika.

"Hii si rangi, ishakuwa ngozi," alisema Shehe. "Udhu wako sahihi."

"Alhamdulillahi."

"Na dhahabu yenyewe ya nani?"

"Yangu, Shehe."

Alirudi nyumbani akijichukia. Wali wa mchana akawapa kuku.

Siku ya Idi Siti alikuja kumwamkia. Alikuwa keshaposwa na mtu wa Mtambile.

"Bi Mwanamize, nna neno. Mama hakuwacha kitu kwako?"

"Hakuwacha, mwanangu. Kingekuwapo ningekuficha wewe?"

Siti akaitazama mikono. Vinara vya mamaake alivifuta vumbi tangu utotoni, na rangi yake aliijua.

"Haya, Bi. Nipe nkono niende zangu."

Akaubusu, kama ilivyo ada. Dhahabu iliyoshinda mafuta ya taa ikatoka kidogo, ikambaki midomoni.

Siti aliolewa, akaingia Mtambile na godoro la sufi na mkeka. Wakwe walimuuliza mara moja vyombo vya kwao viko wapi, hawakuuliza tena. Kila Idi alikuja Chake Chake kumwamkia shoga wa mamaake, na kila Idi Bi Mwanamize alikusudia kusema, akaishia kunyoosha mkono. Akajituliza kwamba kwa mabusu hayo dhahabu ilikuwa ikirudi kwa mwenyewe, kidogo kidogo, na ipo siku itakwisha.

Siti akifika mlangoni alijifuta midomo kwa pindo la buibui, akaenda kungoja gari la Mtambile.