Kipande cha Saba

Mzee Hadubini hakuwahi kukosea, na kama hukujua, angekwambia mwenyewe kabla hujaweka begi chini. Kwa miaka thelathini alikuwa kwenye maabara ile akichagua, kwa brashi ya nywele tatu, maganda ya vidudu vya baharini yasiyozidi punje ya chumvi. Maganda hayo hutunza habari za joto la maji ya enzi zao. Tope lenye maganda hayo huchotwa sakafuni mwa bahari kwa bomba refu, likakatwa vipande vya mita moja moja, kila kimoja kikazibwa kwa kifuniko cheupe juu na chekundu chini. Juu ni karibuni, chini ni kale. Mtoto wa shule angeelewa.

Jumatatu hiyo alikuwa akitafuta kipimo fulani kwenye daftari lake la miaka miwili nyuma, akakuta mwandiko wake mwenyewe: "Kipande cha saba. Vyekundu vimekwisha. Nimeweka vyeupe pande zote. Nitakumbuka."

Hakukumbuka. Alishuka stoo, akakilaza cha saba mbele ya cha sita. Rangi za tope hazikuungana. Akakigeuza. Zikaungana. Uso ukamwaka mpaka masikioni.

Maana kipande hicho ndicho kilichobeba kisa kizima. Ndani yake mlikuwa na changarawe zilizodondoshwa na milima ya barafu wakati barafu kuu ya kaskazini ilipoporomoka, pamoja na maganda yanayoonyesha maji ya kilindini yakipata joto. Daktari, mkuu wa maabara, alitaka kujua kipi kilitangulia. Je, barafu iliyeyuka kwanza, maji yake yasiyo na chumvi yakatanda juu kama kifuniko cha sufuria, joto likabaki chini? Au joto la chini ndilo lililoila barafu? Vipimo vya Mzee Hadubini vilisema barafu ilitangulia. Ukikigeuza kipande, jibu nalo linageuka, na keshokutwa Daktari angelitoa mbele ya wataalamu mia mbili.

Hilo peke yake lingetosha kumwaibisha mtu. Lakini kulikuwa na Mama Pacha, mwosha tope.

Mwaka uliopita, watu wote wakinywa chai, alisema kwa upole, "Mzee, hiki cha saba naona kama kimepinduka. Rangi yake ya juu haifanani na mwisho wa cha sita."

"Mama, kazi yako ni kuosha tope," alimjibu. "Kulisoma tuachie wenye macho."

Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo Mama Pacha hunywa chai yake peke yake, kando ya sinki.

Mzee Hadubini alifikiria kuichana ile karatasi ya daftari. Nani angejua? Aliishika kabisa kwa vidole viwili, akajiona: mtu mzima na mvi zake, anataka kujiibia karatasi yake mwenyewe. Akaona haya zaidi. Akalibeba daftari mpaka ofisini.

"Daktari, nimekosea."

Daktari alisoma, akalifunga daftari taratibu. "Najua, mzee wangu. Mama Pacha aliniletea vipande vyote viwili miezi minne iliyopita. Tulipima upya. Hotuba nimeshairekebisha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilitaka. Yeye ndiye aliyenisihi. Alisema, 'Mzee ataaibika mbele za watu. Tumwache, ataona mwenyewe.'"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa, angejua la kujibu. Kusitiriwa na mtu uliyemvunjia heshima kulichoma zaidi.

Saa nne, chai ilipoletwa, alikwenda mpaka kwenye sinki na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mama Pacha, nilikudhalilisha hapa hapa, na wewe ndiye uliyekuwa na macho. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alifuta mikono kwenye aproni, akafungua kabati, akatoa boksi.

"Vifuniko vyekundu vimeletwa juzi," alisema. "Chukua kimoja, mzee, tukakizibe cha saba."

Wakashuka stoo. Mzee Hadubini alikitazama kipande, akamtazama mwosha tope, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini akauliza:

"Upande upi, mama?"