Alhamisi za Nyakundi

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, Eucabeth Akumu alifungua maabara ya zahanati moja huko Manga, akapanga chupa zake, kisha akamwita Nyakundi. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye benchi, matope mabichi yamemganda kwenye suti aliyozikwa nayo mwaka uliotangulia.

"Umeamkaje, mzee?"

"Salama, daktari. Leo chukua mkono wa kushoto."

Nyakundi alikuwa ametia sahihi kutoa damu kila Alhamisi kwa miaka mitatu, na kifo kilimkuta akiwa amemaliza mmoja na nusu. Alipotia sahihi, homa ya kutokwa damu ilikuwa imeua watu kumi na mmoja kwenye miteremko ya Manga, na watafiti walikuja na magari manne. Baadaye homa nyingine ikazuka mbali, wakaifuata. Damu ya mzee ilitoka baridi kama maji ya chemchemi. Akumu akaiweka kwenye friji, pamoja na nyingine ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua.

Mwezi wa Julai, Bosibori, bintiye Nyakundi, aliletwa akivuja damu kwenye fizi. Akumu aliitambua homa hiyo mara moja. Akampigia simu Daktari Cleophas, aliyeongoza utafiti.

"Kirusi hicho siku hizi hakina mtu," Cleophas alisema. "Sote tuko kwenye hiki kipya. Dawa tuliyokuwa tukiijaribu tuliiachia njiani."

"Ana miaka ishirini na mitatu, daktari. Yuko hapa mbele yangu."

"Pole sana. Niandikie barua pepe."

Akumu akaandika. Bosibori alifariki Jumamosi, wakamzika Jumanne kando ya migomba. Akumu alirudi kazini akiwa hana hamu hata ya chai.

Alhamisi walikuja wawili.

"Huyu naye mtoe damu," Nyakundi alisema. "Ugonjwa wake ni wa juzi. Labda wataitaka yake."

Akumu alipekua daftari lote, ingawa jibu alikuwa nalo. "Hakuandikishwa, mzee. Mradi ulifunga milango kabla hajaugua."

"Basi mpe nafasi yangu."

"Nafasi haihamishwi."

"Sawa tu, tata," Bosibori alimwambia babake.

Nyakundi akakunja mkono wa shati. Sindano ilipochomolewa, Bosibori alimshikia pamba, akaibonyeza kwa nguvu, ingawa hapakuwa na damu ya kuzuia.